JINJA NA MBALE: MIJI MIWILI ISOMWAYO KWA MIGUU

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Maneno hayo yanawafaa hasa wananchi ambao kazi yao huwahamisha kila baada ya miaka michache. Askari jeshi na askari polisi, pamoja na wake zao na watoto wao, hufika katika mji mgeni na vyombo vyao, hupewa nyumba kambini, na kabla hawajauzoea mji huo barua nyingine ya uhamisho imekwisha kufika. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa Jinja na kusomea Mbale aweza kuzitaja kambi zote alizopitia, lakini asiweze kueleza ule mnara aliokuwa akiupita kila asubuhi, wala lile jengo kuukuu lililoandikwa mwaka juu ya paa lake.

Upungufu huo unaweza kuondolewa kwa siku mbili za mapumziko, viatu vizuri na chupa ya maji. Jinja na Mbale ndiyo miji mikubwa ya mashariki ya Uganda, na yote miwili ilipandishwa cheo kuwa majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020. Hata hivyo, kitovu cha kila mmoja bado ni kidogo, na familia yenye watoto yaweza kukizunguka kwa miguu kati ya asubuhi na adhuhuri.

Lipo jambo linalohimiza haraka. Jiji jipya hujengwa juu ya mji wa zamani. Nyumba zilizodumu karibu miaka mia moja zinavunjwa moja baada ya nyingine ili kupisha maghorofa ya saruji na vioo. Atakayechelewa kuziona huenda akaonyeshwa tu mahali zilipokuwa.

MAHALI PENYE MAWE

Matembezi ya Jinja yafaa yaanzie ukingoni mwa maji, kwa sababu huko ndiko mji ulikopata jina lake. Katika lugha za Kisoga na Kiganda, ejjinja maana yake ni jiwe. Mawe hayo yalikuwa miamba ya maporomoko ambayo kwayo maji ya Ziwa Victoria yalitoka na kuanza safari ya mto Nile. Wenyeji waliuita mto huo Kiyira na kuutumia kwa uvuvi na matambiko tangu kale. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo, akaandika kwamba amepata jibu la swali lililowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi. Aliyapa maporomoko hayo jina la Ripon, kwa heshima ya mkuu mmoja wa Uingereza aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia.

Mgeni anayefika leo akitarajia kuona maporomoko atashangaa, maana hayapo tena. Yalifunikwa na maji yaliyopanda baada ya bwawa la umeme kujengwa kilomita chache upande wa chini, katika miaka ya 1950. Kilichobaki ni mkondo wenye nguvu unaoonekana wazi pale ziwa linapogeuka kuwa mto, na mashua zinazowapeleka watazamaji hadi mahali maji yanapochemka kama chungu kilicho jikoni. Ng'ambo ya pili, upande wa magharibi, umesimama mnara wa kumbukumbu ya Speke. Kutoka hapo maji husafiri zaidi ya kilomita 6,000 na, kama isemwavyo, huchukua muda wa miezi mitatu hivi kufika bahari ya Mediterania nchini Misri.

Katika bustani za upande wa Jinja kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, kiongozi wa uhuru wa India. Wengi huuliza sanamu hiyo yafanya nini Uganda. Gandhi alipouawa mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ililetwa na kutiwa katika Nile, kwa desturi ya Wahindu ya kuyakabidhi majivu ya wafu kwenye mito mikuu. Sanamu yenyewe ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Bwana I. K. Gujral.

UFUKWE ULIOHAMWA

Kutoka bustanini njia hupanda taratibu kando ya uwanja wa gofu. Wachezaji wa uwanja huo wana kanuni ambayo haipatikani katika miji mingi: mpira ukitumbukia ndani ya alama ya mguu wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuokota na kuuweka pembeni bila kuadhibiwa. Watoto hupenda habari hiyo, lakini ni onyo pia. Viboko hutoka majini wakati wa usiku kula majani, na ufukwe si mahali pa kuzurura baada ya jua kuchwa.

Hapo juu yafaa kusimama kidogo na kuutazama ufuo wa ziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na pwani nyingine za ziwa hili. Ugonjwa huo huenezwa na mbung'o waishio vichakani karibu na maji. Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wote waondolewe kandokando ya ziwa, na vijiji vilivyokuwa vimejaa watu vikageuka msitu. Mji wa Jinja, ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imeufanya makao makuu ya Busoga mnamo mwaka 1901, ulikua katika kivuli cha msiba huo. Barabara pana yenye miti, iitwayo Bell Avenue, ingali na jina la gavana huyo. Majina ya walioondolewa hayakuandikwa kwenye kibao chochote.

NYUMBA ZENYE MIAKA JUU YA MAPAA

Moyo wa Jinja ya zamani ni Main Street, yaani barabara kuu ya maduka, pamoja na zile zinazokwenda sambamba nayo na kuikata kwa pembe sawa, kama mistari ya daftari la hesabu. Huko mtembezi na ainue macho. Kwenye kuta za mbele, juu kabisa, mafundi waliandika kwa saruji jina la mwenye nyumba au la jamaa yake na mwaka wa ujenzi. Nyumba nyingi ni za kati ya miaka ya 1910 na 1950, na waliozijenga wengi wao walikuwa wafanya biashara wenye asili ya India.

Ujenzi wake una akili, na kila mama wa nyumba atauelewa mara moja. Mbele kuna baraza iliyofunikwa, yenye nguzo, ili mteja asinyeshewe mvua wala asichomwe na jua. Chini ni duka, na juu yake au nyuma yake ni makazi ya familia. Kuta ni nene na dari iko juu sana. Karibu na dari kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Nyuma kuna ua wenye jiko, stoo na kisima au tangi la maji ya mvua. Nyumba ya namna hiyo hukaa baridi adhuhuri bila kutumia umeme hata kidogo, jambo ambalo majengo mengi ya vioo hayawezi.

Kilichozijenga nyumba hizo ni pamba. Zao hilo lililetwa Uganda mwaka 1903, na udongo wa Busoga ukalipokea vizuri. Mwaka 1912 reli fupi ilikamilika kutoka Jinja hadi Namasagali. Pamba ilishuka kwa reli hadi gatini Jinja, ikapakiwa melini hadi Kisumu, na kutoka huko ikachukuliwa na treni hadi Mombasa. Mnamo mwaka 1928 reli ya moja kwa moja kutoka pwani ilifika Busoga, na mwaka 1931 ilivuka Nile kwa daraja la chuma lionekanalo hadi leo na kwenda zake Kampala. Matajiri kama Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, walieneza maduka yao hadi vijijini. Muljibhai Madhvani naye alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930.

Tarehe 4 Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba watu wa asili ya Asia waondoke nchini, na wakapewa siku 90. Maduka ya Main Street yalibadilika mikono kwa muda wa wiki chache. Nyumba ziliwekwa chini ya bodi maalumu ya serikali na kugawiwa wapangaji. Mpangaji asiyejua kama atakuwamo mwaka ujao hatengenezi paa, na mwenye nyumba aliye London au Toronto hawezi kulitengeneza. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuta nyingi za Jinja kubambuka na nguzo zake kupasuka. Baada ya sheria ya mwaka 1982, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamiliki wengi walirudishiwa mali zao. Baadhi ya nyumba zimepakwa rangi upya na kuwa mikahawa na mabenki. Nyingine zimeuzwa na kuvunjwa.

UMEME, MADARAJA NA WALINZI WAKE

Baada ya kupumzika, wenye miguu imara waweza kuendelea hadi bwawa la Nalubaale, upande wa chini wa mto. Wasiopenda kutembea mbali watapanda bodaboda. Bwawa hilo, lililoitwa Owen Falls zamani, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Lilikuwa na mitambo kumi ya kuzalisha megawati 150, ambazo baadaye ziliongezwa kufika 180. Umeme wake ulivilisha viwanda vya Jinja, kama kile cha nguo cha Nyanza Textile kiitwacho Nytil kwa ufupi, na kile cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Mwaka 2000 bwawa lilipewa jina la Nalubaale, ambalo ni jina la Ziwa Victoria katika Kiganda, na kando yake kikaanza kazi kituo cha pili kiitwacho Kiira.

Kwa zaidi ya miaka 60 gari lililotoka Mombasa kwenda Kampala kwa njia ya Jinja lilivuka Nile juu ya ukuta wa bwawa hilo. Tarehe 17 Oktoba 2018 Rais Yoweri Museveni alifungua daraja jipya lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Limening'inizwa kwa nyaya nene zitokazo juu ya minara miwili, nalo huonekana kwa mbali kama tanga la jahazi.

Umuhimu wa mahali hapa ulijulikana vizuri katika vita vya mwaka 1979. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliposonga mashariki kutoka Kampala mwezi wa Aprili, hofu kubwa ilikuwa kwamba askari wa Amin waliokuwa wakirudi nyuma wangelipua bwawa na kuiacha nchi gizani. Jinja ilichukuliwa bwawa likiwa zima. Askari anayesimama zamu pale leo, usiku na mchana, analinda taa ya chumba cha upasuaji hospitalini na ya meza ya mtoto anayesoma.

KUMBUKUMBU ZA KEYA

Jinja ni mji wa jeshi pia. Kikosi cha nne cha King's African Rifles, ambalo wazee hadi leo huliita Keya, kilikuwa na makao yake hapa wakati Uganda ilipopata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, nacho kikageuzwa kuwa Uganda Rifles. Askari wa Keya kutoka Uganda walikuwa wamepigana na Waitalia huko Uhabeshi, na mwaka 1944 walipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma, penye matope, mvua na homa. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha na wenzao wa Kenya na Tanganyika. Katika Jinja kuna makaburi ya vita, yenye mawe yaliyopangwa kwa safu kama askari kwenye gwaride. Familia za askari hazitapoteza wakati zikipita hapo kimya kimya na kuyasoma majina.

Historia ya kambi za Jinja ina siku zake ngumu vilevile. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai nyongeza ya mshahara, siku tatu tu baada ya maasi kama hayo kutokea Tanganyika. Waziri Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza nao, alizuiliwa kambini, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza. Nchi iliyokuwa na umri wa miezi 15 tu ikatambua mapema jinsi nidhamu ya jeshi na haki ya askari zinavyotegemeana.

MPUMUDDE: ALIPOPUMZIKA KABALEGA

Kituo cha mwisho cha Jinja ni kilima cha Mpumudde, pembeni mwa mji. Mpumudde kwa Kiganda ni kusema, nimepumzika. Hapo alifariki Omukama Kabalega wa Bunyoro tarehe 6 Aprili 1923. Mfalme huyo alipigana na Waingereza kwa miaka mingi. Alikamatwa pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda tarehe 9 Aprili 1899, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Baada ya miaka zaidi ya ishirini aliruhusiwa kurudi, lakini alifika Jinja tu, na nchi yake ya Bunyoro hakuiona tena.

Miongoni mwa waliowaongoza askari siku ile ya kukamatwa kwake alikuwamo jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu. Jemadari huyo ndiye mwasisi wa Mbale. Aidha, kati ya mwaka 1906 na 1913 alikaa Jinja akiwa rais wa baraza la machifu wa Busoga. Kwa hiyo anayetoka Jinja kwenda Mbale anaifuata njia aliyoipita mtu huyo.

KUELEKEA MLIMA MASABA

Kutoka Jinja hadi Mbale ni mwendo wa karibu kilomita 150 kwa gari, kupitia Iganga na Tirinyi. Barabara hukata mabonde ya mafunjo na mashamba ya mpunga ya mto Mpologoma. Ghafla, upande wa mashariki, hutokea ukuta mkubwa wa mawe wenye maporomoko membamba meupe. Huo ni Wanale, mkono mmojawapo wa Mlima Elgon, ambao Wamasaba huuita Masaba kwa jina la babu yao. Kilele chake kina urefu wa mita 4,321 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Mbale umelala miguuni pa ukuta huo.

Kakungulu, aliyezaliwa Kooki mnamo miaka ya 1860, alitumaini kwamba Waingereza wangemfanya mfalme wa nchi alizoziteka mashariki. Hawakufanya hivyo. Walimpa ardhi ya maili 20 za mraba, naye akahamia Mbale mwanzoni mwa miaka ya 1900 na wafuasi wake, akapanda migomba, akachimba barabara na kufungua soko. Wafanya biashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakamfuata, na muda si muda serikali ya kikoloni ikauchukua mji huo kuwa makao yake. Hao waliotekwa, yaani Wamasaba na majirani zao, wana kumbukumbu zao kuhusu majeshi ya Kakungulu, na si zote za sifa. Ni vyema watoto waelezwe pande zote mbili.

KUTOKA MNARA WA SAA

Katika Mbale matembezi huanzia kwenye mnara wa saa, uliosimama katikati ya mzunguko wa barabara. Wenyeji huutumia kuelekezana njia na kupeana miadi. Kutoka hapo Republic Street inaingia katikati ya maduka, ambako tena zitaonekana nyumba za baraza na nguzo, ndugu wa zile za Jinja. Katika miaka ya baada ya Uhuru Mbale ilisifika kuwa mji safi kuliko yote nchini, na wazee husimulia juu ya mitaro iliyofagiwa kila asubuhi na maua yaliyopandwa njiani.

Soko kuu lilijengwa upya kwa ghorofa katika miaka ya 2010, sawa na lile la Jinja, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mama wa nyumba aliyeletwa Mbale na uhamisho wa mumewe na aulizie malewa, yaani machipukizi ya mianzi kutoka mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi. Huloweshwa, huchemshwa hadi yalainike, kisha hupikwa kwa karanga zilizosagwa. Ni chakula cha heshima kwa Wamasaba, na huliwa vizuri kwa matoke.

Biashara kubwa ya mji huu ni kahawa aina ya arabika. Chama cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954 ili wakulima wauze kahawa yao wenyewe bila madalali. Kwa miaka mingi fedha zake ziliwasomesha vijana wengi wa mlimani, na makao yake makuu yako hapa Mbale. Reli iliyofika Soroti mwaka 1929 kutoka Tororo nayo ilipitia hapa.

Mtembezi akivuka mto Nabuyonga, unaokatiza mjini, ataona kijito kidogo cha kuvukwa kwa hatua chache. Asidanganyike. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha mlimani, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kujenga nyumba na kutupa takataka ukingoni mwa mto ni kuubana koo.

DINI TATU NA NGOMA MOJA

Mbale ni mji ambao imani nyingi zimeishi jirani. Cathedral Avenue huelekea kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Andrea. Huko Nkoma kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofungua milango yake mwaka 1988 baada ya azimio la nchi za Kiislamu la mwaka 1974. Na juu ya kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji, liko sinagogi la Abayudaya, yaani Waganda wafuatao dini ya Kiyahudi. Mwasisi wao ni Kakungulu yuleyule. Alipokosana na Waingereza na makanisa yao, alizama katika kusoma Agano la Kale, na mwaka 1919 yeye na wafuasi wake wakashika dini hiyo. Alifariki mwaka 1928. Katika utawala wa Amin ibada yao ilipigwa marufuku, wakasali mafichoni, lakini hawakutoweka.

Ngoma inayowakusanya wengi, bila kujali dini, ni ya imbalu, yaani jando la Wamasaba. Hufanyika katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, jirani na mji. Simulizi husema kwamba msichana Nabarwa alikataa kuolewa na Masaba mpaka atahiriwe kama wanaume wa kwao. Mgeni hukaribishwa kutazama, mradi avae kwa heshima na afuate maelekezo ya wazee.

MAMBO YA KUZINGATIA

Anzeni saa moja asubuhi, na ifikapo saa sita muwe kivulini. Chukueni maji yaliyochemshwa, kofia za watoto na mwavuli. Msiwaache watoto waoge wala wachezee maji ya ziwani au mtoni. Mkondo una nguvu, na maji ya kando huleta kichocho. Msipige picha za bwawa, madaraja wala kambi bila idhini, hata kama baba ni askari. Katika msikiti na hekalu vueni viatu, na ombeni ruhusa kabla ya kuingia.

Kila mtoto apewe daftari na penseli. Kazi yake ni kunakili miaka iliyoandikwa juu ya nyumba na kuchora mlango au nguzo aliyoipenda. Jioni mzazi amwulize: nyumba hii ilijengwa kabla ya babu kuzaliwa au baadaye? Hilo ni somo la hesabu na la historia kwa pamoja. Wakutanapo na mzee mkazi wa mtaa, wamwamkie na kumwuliza nyumba ilikuwa ya nani. Mara nyingi anayo majibu yasiyomo kitabuni.

FAIDA YA KUTUNZA

Wako watu wasemao kwamba nyumba kuukuu ni aibu ya mji. Miji mingine imeona vingine. Salzburg ya Austria, alikozaliwa mwanamuziki Mozart mwaka 1756, ilitunza vichochoro na makanisa yake, na mwaka 1996 kitovu chake cha zamani kikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo wageni huzunguka huko kwa miguu mwaka mzima, na mji hula kwa macho yao. Karibu na hapa, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Jinja na Mbale hazina majumba ya wafalme wa Ulaya, lakini zina historia ya pamba, reli, umeme, vita na imani iliyoandikwa juu ya kuta zake, na kuta zikianguka hakuna nakala nyingine.

Kutunza huko hakuanzi na wizara peke yake. Huanza na mpangaji asiyebandika tangazo juu ya mwaka wa jengo, mwenye duka anayeziba ufa kabla haujawa pango, na mzazi anayemwonyesha mtoto mahali panapostahili kuonwa. Familia iliyoletwa na uhamisho ina haki katika mji sawa na waliozaliwa humo, na wajibu ni uleule. Siku barua nyingine itakapokuja, ikiwapeleka Gulu au Mbarara, watoto wataondoka na daftari la miji waliyoijua kweli, na huko waendako watajua pa kuanzia.